Mtaji, bei, mkopo na wateja: maswali ninayoulizwa kila wiki na wanaoanza biashara

Natengeneza siagi ya karanga hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tisa. Nilianza na kilo tano kwa jiko la mkaa na mashine ya kusaga ya mtu mwingine. Sasa tunasaga kilo 100 kwa wiki, tuko watatu, na karibu kila siku kuna mtu ananiuliza jambo kuhusu biashara. Maswali yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika hapa kama yanavyokuja, na majibu kama ninavyoyatoa nikikaa na mtu kwenye benchi nje ya chumba cha kazi. Mifano mingi ni ya karanga kwa sababu ndizo ninazozijua. Wewe wa mitumba, wa kuku au wa saluni badilisha majina tu.

Dada, nina laki tatu. Nianze biashara gani?

Siwezi kukuchagulia, ila nitakuuliza jambo moja: watu wanakuja kwako sasa hivi kuomba nini? Mimi nilikuwa nasaga karanga za uji wa mtoto wangu. Jirani akaomba kikopo, akarudi tena na pesa mkononi, siku ya tatu akaja na shemeji yake. Biashara ilinifuata mlangoni kabla sijaipa jina. Kwako pengine ni kusuka nywele, kutengeneza simu, au kujua chimbo la viatu ambalo wenzako hawalijui. Anzia hapo, kwa sababu mteja wa kwanza tayari unaye.

Halafu hiyo laki tatu usiiingize yote kwa siku moja. Chukua laki moja, fanya mzunguko mmoja mpaka mwisho: nunua, tengeneza, uza, kusanya pesa, andika. Mzunguko wa kwanza karibu kila mtu anapoteza kitu. Mimi niliunguza kilo mbili, nikanunua makopo ambayo vifuniko vyake vinavuja. Kama ungekuwa umeweka pesa yote, somo hilo lingekumalizia mtaji. Ukiweka theluthi, unabaki na nafasi mbili za kurekebisha.

Nikimwambia mtu wazo langu, ataliiba?

Wapo watakaojaribu. Siagi ya karanga haikuwa wazo langu pia, ilikuwepo kabla yangu na ipo mitaa yote. Kinachomrudisha mteja ni karanga zilizochambuliwa vizuri wiki hii, wiki ijayo na wiki ya mwezi wa kumi. Hicho hakiibiki kwa kusikia maongezi.

Nipangeje bei? Nauza sana lakini pesa siioni.

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aniulize, na wengi huuliza wakiwa wamechelewa. Nitakuonyesha hesabu yangu mwenyewe.

Mwanzoni nilikuwa nanunua karanga kilo 20 kwa shilingi 4,000 kwa kilo, jumla 80,000. Makopo ya gramu 400 yalikuwa 600 kila moja, nikatumia 42, yaani 25,200. Nikajumlisha: 105,200. Nikagawa kwa makopo 42, nikapata kama 2,500 kwa kopo. Nikauza 3,500, nikaamini napata faida ya elfu moja kila kopo. Watu walinunua kweli, ndani ya miezi michache mtaa mzima ulinijua. Na kila mara nikienda sokoni kununua karanga nilikuta pesa haitoshi, naongezea kutoka kwenye hela ya chakula.

Mama mmoja wa kikoba chetu (kikundi cha kuweka na kukopeshana), fundi cherehani, alinikalisha na daftari. Akaniuliza: karanga zilifikaje nyumbani? Kwa bajaji, 5,000. Zilikaangwa na nini? Mkaa, 6,000. Nani alisaga? Mwenye mashine, 500 kwa kilo. Kilo 20 zikichambuliwa, zikikaangwa na kumenywa zinabaki 17, kwa hiyo 8,500. Lebo? 150 kila moja, 6,300. Chumvi, mafuta kidogo, sabuni na maji, 3,000. Na wewe na mdogo wako mlifanya kazi siku nzima, kila mmoja angelipwa ngapi kwa mtu mwingine? Nikasema elfu kumi. Akaandika 20,000.

Jumla ikawa 154,000. Gawa kwa 42: kila kopo lilinigharimu kama 3,670, nami nauza 3,500. Kila nikimaliza kilo 20 nilikuwa napoteza shilingi 7,000, na kadiri nilivyouza zaidi ndivyo nilivyopoteza zaidi. Nilikaa kimya pale kwa muda. Mdogo wangu alikuwa amefanya kazi miezi yote hiyo bila mimi kuhesabu jasho lake.

Nilipandisha bei mpaka 5,000 rejareja na 4,300 kwa wenye maduka. Niliogopa sana. Waliondoka wateja kadhaa, waliobaki walitosha, na kwa mara ya kwanza nililipa mshahara. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia mwenzako anauza bei gani, andika kila kitu kinachogusa bidhaa yako tangu inanunuliwa mpaka inafika mkononi mwa mteja, pamoja na nauli, kilichoharibika na kazi yako wewe. Mwenzako anayeuza chini yako huenda naye bado hajakutana na fundi cherehani wake.

Natakiwa kujilipa mshahara na biashara bado ndogo hivi?

Ndiyo, hata kama ni elfu tano kwa siku. Ukijiwekea kiasi kinachojulikana, unaacha kuchota kwenye droo. Mitaji mingi niliyoona inakata hapa mtaani ililiwa kidogo kidogo: vocha leo, mboga kesho, mchango wa harusi keshokutwa. Namba ya simu ya biashara nayo iwe mbali na yako binafsi. Ukiwa na Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, pesa za mauzo zinaingia sehemu moja na mwisho wa mwezi unaona kila shilingi ilikotoka.

Nijisajili kwanza au niuze kwanza?

Kujaribisha kwa majirani makopo kumi ni jambo moja. Ukiona watu wanarudi, anza taratibu mapema, kwa sababu kila hatua inasubiri nyingine.

Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, na utahitaji namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bure, usimlipe mtu yeyote kwa kukupatia TIN. Leseni ya biashara unaipata halmashauri au manispaa yako. Kwa anayeuza nguo au vyombo, safari karibu inaishia hapo.

Kwetu wa chakula kuna TBS, shirika la viwango. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula na vipodozi uliokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, umehamia TBS, kwa hiyo ukimsikia mtu anakwambia uende TFDA, taarifa zake ni za zamani. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wake. SIDO ipo tangu 1973, na kazi yake ni sisi hasa. Wanatoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na barua yao ya utambulisho ndiyo iliyowasaidia wadogo wengi kupata alama ya ubora ya TBS bila kutozwa gharama za upimaji. Wengi hawaijui barua hiyo, wanakata tamaa kwa kuogopa pesa ambayo pengine wasingedaiwa.

Ukaguzi wenyewe usikutishe. Wanataka eneo la kazi lililotengwa na jiko la familia, sakafu na meza zinazosafishika, nyavu madirishani, maji, na watu waliopima afya. Mimi nilitumia chumba cha uani kilichokuwa stoo. Tuliziba nyufa, tukapaka rangi ya mafuta, tukatoa magodoro mawili na baiskeli. Lebo iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito, jina na anuani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha matumizi, na namba ya toleo. Hiyo namba ya toleo ndiyo itakayokuokoa siku kopo moja likiwa na tatizo, kwa kuwa utajua wenzake 41 wako wapi.

Anayetaka kufika supamaketi atahitaji pia msimbomilia, zile namba zinazoanza na 620 kwa Tanzania, kutoka GS1, shirika linalotoa namba hizo.

Sumukuvu ni nini, na inahusiana vipi na biashara?

Inahusiana na kila anayeshika karanga au mahindi. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mazao yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho, na kukaanga kwa kawaida hakuimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isizidi 5.

Kinga yetu ya kwanza ni kununua zilizokauka vizuri na kuchambua punje kwa punje: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu zinatoka. Katika kilo 20 huwa natoa hata kilo moja na nusu, na sizirudishi sokoni wala sizilishi kuku. Inauma kuzitupa. Lakini wateja wangu wakubwa ni mama wa watoto wa miezi saba na minane, na siku zote nikichambua nawaona hao watoto.

Kodi naisubiri mpaka nikue?

Nenda ukaandikishwe, na utunze kumbukumbu, maana kumbukumbu zinapunguza kodi yenyewe. Chukulia viwango vya makadirio tunavyotozwa sisi wadogo tusiozidi mauzo ya milioni 100 kwa mwaka. Mwenye mauzo ya milioni 10 asiye na daftari analipa 250,000. Mwenye mauzo hayohayo na daftari analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 180,000 jumla. Shilingi 70,000 hizo ni bei ya daftari na kalamu za miaka mingi. Ukivuka mauzo ya milioni 11 unatakiwa kuwa na mashine ya risiti za kielektroniki, na asilimia inakuwa 3.5 ya mauzo. VAT bado iko mbali, tangu 2023 kizingiti chake Tanzania Bara ni milioni 200.

Viwango hivi huguswa na bajeti kila Juni. Kila Julai napita TRA kuuliza kama kuna kilichobadilika, na hawajawahi kunifukuza.

Nipate wapi pesa ya kukuza biashara?

Kwanza nikuulize: una oda ngapi ulizoshindwa kuzitimiza mwezi uliopita kwa kukosa mtaji? Kama huna hata moja, tatizo lako ni wateja, na mkopo hautalitatua. Kama unazo na zimeandikwa, basi tuongee. Mimi naamini mkopo ufuate mauzo, usiyatangulie. Nimeona mashine nzuri za laki nane zikifunikwa kanga kwa sababu zilinunuliwa kabla ya mteja.

Mahali pa kwanza kwangu palikuwa kikoba. Upatu unakupa donge kwa zamu, na ni mzuri kwa kununua kitu kimoja, lakini kijumbe, yule anayekusanya pesa, akiyumba mnayumba wote na pesa haizai. Kikoba mnanunua hisa, mnakopeshana kutoka kwenye mfuko, riba inarudi kwenu wenyewe, na mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana. Katika vikoba vingi unaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zako. Mfumo huu wa kuweka na kukopeshana ulianza na wanawake wa Niger mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE, ukaenea mpaka kwetu. Faida yake kubwa kwangu haikuwa pesa. Wale wanawake 25 waliniuliza kila wiki biashara inaendaje, na walijua nikidanganya.

Pili ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023 na kurudi 2024 na utaratibu mkali zaidi. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi, na mtu wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Tahadhari yangu ni moja: msikusanyike kwa ajili ya fomu. Kikundi kilichokutana jana ili kupata pesa, rejesho la tatu likifika wawili wamebadilisha namba za simu, na deni linabaki kwa waaminifu. Kaeni miezi sita mkiweka akiba pamoja kwanza, mtajuana tabia.

Benki huja baadaye, ukishakuwa na miamala inayoonekana kwa mwaka au zaidi. Hapo pia ile Lipa Namba inakulipa fadhila, kwa kuwa taarifa ya miamala ndiyo inayoongea kwa niaba yako.

Vipi hawa wa mikopo ya haraka? Wananipa leo leo bila dhamana.

Mtaani tunaiita kausha damu, na jina limewekwa na waliokaushwa. Nipige hesabu ya mkopo ninaouona sana: laki tatu, rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Utarudisha 390,000. Riba ni 90,000 kwa mwezi mmoja, asilimia 30. Kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni zinataka riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki tatu ni 10,500. Mimi kwenye kopo ninalouza kwa bei ya jumla napata faida ya kama 630. Ili nilipe hiyo riba ya 90,000 peke yake lazima niuze makopo zaidi ya 140, yaani nichambue, nikaange na kusaga zaidi ya mara tatu ile kazi ya kilo 20 kwa ajili ya mtu ambaye hajashika hata punje.

Na wa kwenye simu ni wabaya zaidi, maana wanachukua majina ya watu wako na kuwatumia ujumbe wa kukudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kupiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini. Kabla ya kukopa popote ulizia leseni na usome mkataba. Kama umeshaingia, usikope kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Nenda kwa watu wako, useme ukweli, uuze hata friji. Nimemsindikiza rafiki yangu kuuza lake, na leo anauza maziwa ya mgando kwenye friji jingine.

Kaka yangu anataka kuweka pesa na kuwa mbia. Nikubali?

Kubali mkiandika. Ameweka ngapi, anapata asilimia ngapi, atafanya kazi gani, anaruhusiwa kuchukua nini dukani, na mmoja akitaka kutoka pesa yake inarudi kwa muda gani. Mkae na mtu mzima wa familia awe shahidi. Ndugu wakigombana kwenye biashara hawagombanii pesa iliyopo, wanagombania kila mmoja alivyokumbuka maneno ya siku ile.

Bidhaa yangu ni nzuri. Kwa nini watu hawanunui?

Kwa sababu hawajaionja, au wameiona wakaielewa vibaya. Nikuambie kilichonitokea. Siagi ya karanga isiyowekewa vigandishi, ikikaa, mafuta yake yanapanda juu. Ni kawaida kabisa. Lakini nilipoanza kuweka makopo kwa Mangi, mwenye duka wa mtaa wa pili, yalikuwa yanakaa. Siku moja nikasimama pembeni nione. Akaja bibi mmoja, akachukua kopo, akaligeuza juu chini, akalishika kwenye mwanga. Akaona tabaka la mafuta linashuka taratibu ukutani mwa kopo. Akalirudisha, akachukua la kiwandani, akasema kwa sauti ya chini, "Hii wameichanganya na mafuta ya kupikia."

Nilitamani kumkimbilia nimweleze. Badala yake nilirudi nyumbani nikabadilisha lebo. Chini ya jina tukaandika: "Mafuta yakipanda juu, koroga. Ni ya karanga zenyewe." Maneno manane. Makopo kwa Mangi yakaanza kutoka. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta pesa ya matangazo, nenda ukasimame mahali bidhaa yako inapouzwa na uangalie mikono ya watu. Wanaishika wapi, wanasoma nini, wanairudisha baada ya nini.

Kuonjesha ndiyo tangazo lililonifaa kuliko mengine yote. Mkate mmoja wa slesi, kisu, na kopo moja. Nje ya kanisa baada ya ibada, nje ya chekechea wazazi wanapochukua watoto, kwenye maonyesho ya Sabasaba na Nanenane kama unaweza kushirikiana banda na wenzako au kuingia kupitia SIDO. Kila aliyeonja nilimwomba namba, na baada ya wiki nilimpigia, sikumtumia ujumbe. "Mtoto aliipenda?" Jibu la hapo linafundisha kuliko semina.

Kipimo nacho ni tangazo. Mtu ambaye hajakujua hatoi 5,000. Tulitoa kikopo cha gramu 100 kwa 1,500. Kwa gramu ni ghali kuliko kopo kubwa, lakini kinaingia kwenye hela ya matumizi ya siku, na kimeniletea wengi wanaonunua makubwa sasa. Kwetu watu wananunua mafuta ya kupima na sukari ya robo. Ukiuza kiroba tu, umewafungia mlango.

Kuhusu stetasi ya WhatsApp, weka picha ya kazi ikiendelea kuliko picha ya kopo limesimama peke yake. Karanga zinapomenywa, mikono inapofunga vifuniko. Na andika bei. Ile "njoo inbox" inawafanya watu wadhani utawapima kwa sura.

Nimlipe mtu maarufu anitangazie?

Kwa biashara ya mtaani, hapana. Wafuasi wake wako nchi nzima, nawe unapeleka kwa bodaboda kata tatu. Pesa hiyo nunua mikate ya kuonjesha.

Supamaketi imekubali kuchukua bidhaa zangu! Nifanye nini?

Hongera, halafu uliza watalipa lini. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa makopo 200, kwa 4,300 kila moja: 860,000. Nilipiga vigelegele. Makubaliano yalikuwa siku 60, malipo yakaja katika mwezi wa nne tangu nipeleke mzigo. Katikati hapo ilikuwa Juni, karanga mpya zimeshuka bei baada ya mavuno ya kanda ya kati, wenzangu wananunua magunia ya kutosha mpaka mwaka mpya. Mimi pesa yangu ilikuwa imekaa kwenye rafu yenye taa nzuri. Nilinunua karanga Novemba kwa bei ya juu.

Siku hizi wa kulipa baadaye wote kwa pamoja hawazidi robo ya mauzo yangu. Nao Mangi wangu wanachukua kwa mali kauli, yaani wanalipa wakishauza, lakini makopo kumi kumi, na sipeleki mapya kabla ya kupokea pesa ya yale ya nyuma. Aliyekasirika kwa utaratibu huo ni mmoja tu, na alirudi.

Majirani wanakopa na hawalipi. Nawezaje kukataa?

Sema mtaji ni wa kikundi, na kama uko kwenye kikoba ni kweli. Unayeona hana kabisa, mpe kikopo kidogo kama zawadi na uandike kwenye daftari kwamba ni zawadi. Moyo unapumzika, na hesabu haidanganyi.

Bima ina maana kwa mtu mdogo kama mimi?

Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua, Januari 2022 likaungua la Karume. Waliopoteza mali pale walikuwa watu kama mimi na wewe, waliolala na mtaji wote ndani ya kibanda. Ulizia bima ndogo za moto na wizi. Wakati unaulizia, usilaze mzigo wote chumba kimoja, na ile pesa ya mauzo ya jioni iingize kwenye simu kabla ya kufunga.

Mtu ameanza kutumia jina langu. Nina haki gani?

Kusajili jina la biashara hakukulindi kama alama. Alama ya biashara, yaani jina na nembo iliyo kwenye kopo, inasajiliwa kwa ombi tofauti BRELA, na inadumu miaka saba kisha unaihuisha kwa miaka kumi kumi. Zanzibar wana sajili yao, BPRA, kwa hiyo anayeuza Bara na Visiwani asajili kote. Mimi nilichelewa, na jina langu la kwanza nililiacha likiwa tayari linajulikana mitaa minne. Kila kopo nililokuwa nimeliuza likawa linamtangaza mwingine.

Niko Kenya. Haya yananihusu?

Hesabu ya bei na mambo ya wateja, yote. Ofisi ndizo zinabadilika: usajili ni kupitia eCitizen, kibali ni cha kaunti, ubora ni KEBS, na kikoba mnakiita chama. Hustler Fund ya tangu Novemba 2022 inatoza asilimia 8 kwa mwaka. Linganisha na kausha damu ya hapo juu.

Naweza kuja kujifunza kwako?

Njoo Jumanne, siku ya kuchambua. Tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijafika kwenye mkeka. Utapewa ungo na sehemu yako ya karanga, na kwa saa mbili za mwanzo hatuongei biashara, tunachambua. Wengi mwanzoni wanaacha zile zilizosinyaa kidogo kwa kuzionea huruma. Nitapita nyuma yako nizitoe, nikuonyeshe moja moja kwa nini. Saa nne tunakunywa chai, hapo ndipo unatoa daftari lako tunapiga hesabu pamoja. Njoo nalo hata kama lina ukurasa mmoja.